Kisado kilichobonyea na mtu mwenye haki

Swali

"Shikamoo Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto 3. Nachukua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, naanika, nauza soko la Mwanga, na wengine nawapakia kwenye treni kwenda Tabora. Jirani yangu wa meza ana kisado kilichobabuliwa kitako kwa moto kikasukumwa ndani. Ukikitazama kwa juu huoni kitu. Bei yake iko chini ya yangu kwa shilingi 500, wateja wanamkimbilia. Jumapili yuko kwaya, mstari wa mbele, wanaimba kwamba tumehesabiwa haki bure. Nilipomgusia habari ya kisado alinijibu: 'Dada, haki haipatikani kwa kisado, inapatikana kwa damu ya Yesu.' Nikakosa la kusema. Mwalimu, haki ni nini hasa? Kama ni ya bure, mimi nahangaika na kipimo kamili kwa faida ya nani? Na mbona anayepima vizuri ndiye dagaa wake wanadoda?"

Jibu

Amina, na marahaba mwanangu.

Nianze na jirani yako, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Alichokwambia ni kweli. Haki mbele za Mungu haipatikani kwa kisado, na Mtume Paulo angemuunga mkono bila kusita. Kasoro yake ni kwamba amechukua neno la Paulo akazibia nalo kitako cha kisado, na Paulo hakuliandika kwa kazi hiyo. Ukitaka jibu langu kwa ufupi kabla sijaingia ndani, ni hili: haki katika Biblia ni kuwa sawa na yule mliyefungamana naye, Mungu kwanza, kisha mtu aliyesimama mbele yako na pesa yake mkononi. Haki hiyo siku zote ina mtu wa upande wa pili. Hakuna anayekuwa mwenye haki peke yake, amejifungia chumbani. Mengine yote nitakayoandika yanatoka hapo.

Kiswahili chetu kimetuwekea mtego mdogo katika neno lenyewe. Haki tumelipata kwa Waarabu, ni ndugu wa hakika, na siku hizi tukilisikia mawazo yanakimbilia kwenye kile mtu anachodai: haki yangu ya mirathi, haki za binadamu, nimenyimwa haki yangu. Ni matumizi halali na sina ugomvi nayo. Lakini waliotafsiri Biblia ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walilitwika neno hilohilo mzigo mwingine, yaani hali ya mtu ambaye mambo yake yamekaa sawa mbele za Mungu. Kwa hiyo msomaji wa Mathayo 6:33, "utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake", anaweza kabisa kudhani ametumwa kwenda kudai kitu. Tafsiri za baadaye zimeweka uadilifu mahali pengi palipokuwa na haki. Imesaidia, ila imepunguza kitu kingine, kwa sababu masikioni mwetu uadilifu ni sifa ya mtu na nafsi yake, kama vile mhasibu mwadilifu ambaye kila mtu anamheshimu na hakuna anayemzoea. Na hata hilo neno adili, kule Uarabuni, lina ndugu katika maneno ya mizigo: mzigo wa ubavu mmoja wa mnyama uliolingana na wa ubavu wa pili. Umewaona vijana wanaoteremsha mawese kwa baiskeli, madumu huku na huku? Dumu la upande mmoja likiwa pungufu, baiskeli yenyewe inamvuta kijana mtaroni. Ndiyo picha iliyomo ndani ya neno.

Kwa Kiebrania neno ni tsedeq, kwa Kigiriki dikaiosune, nami nimeyafundisha maneno hayo mawili kwa miaka mingi darasani. Lakini lililonifungua macho nililipata kwa Warundi. Tulikuwa na semina ndogo ya walimu wa Jumapili, baadhi yao wametokea kambi ya wakimbizi, na mmoja akaombwa asome Mathayo kwa lugha yake. Alipofika kwenye haki alisoma ubugororotsi. Nikamuuliza neno hilo linatoka wapi. Hakunijibu kwa maneno. Alitoka nje, akarudi na fito iliyopinda, akaiweka gotini akaikunja kinyume pole pole, akageuza, akakunja tena, mpaka ikakaa sawa. "Huku," akasema, "ni kugorora." Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo Waha, wenyeji wa Kigoma, waliokuwemo hawakuhitaji mkalimani. Mimi nilibaki naitazama ile fito. Haikujinyoosha yenyewe. Ilinyooshwa, na ilinyooshwa kwa kazi fulani, kwa sababu baadaye aliitumia kufungia mlango.

Sasa nije mezani kwako.

Mambo ya Walawi 19:36 inataja "mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, na hini ya haki". Efa ilikuwa kipimo cha nafaka, hini kipimo cha vitu vya majimaji kama mafuta, na mawe ndiyo waliyowekea upande wa pili wa mizani. Neno la Kiebrania lililowekwa hapo mara nne ni tsedeq, lilelile linalozaa mtu mwenye haki. Fikiria. Jiwe linaitwa la haki! Jiwe halifungi wala haliombi, na kwaya haliwezi. Linapataje haki? Linaipata kwa kuwa ndilo linalojiita. Likijiita shekeli moja na likawa shekeli moja, limekwisha kuwa la haki, na yule ajuza aliyekuja kununua ngano anaweza kurudi nyumbani bila kuibiwa hata kama hajui hesabu.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinaongeza jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka kwa kuwa hawajawahi kuuza kitu: usiwe na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo. Mtu abebe mawe mawili ya nini? Wewe hujangoja nikueleze. Kubwa ni la kununulia, dogo ni la kuuzia. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga wanazijua vizuri ndoo za kununulia zilizovutwa mdomo zikapanuka.

Kwa hiyo jirani yako akisema haki haihusiani na kisado, Musa anamkatalia kwa neno lenyewe. Kipo kisado cha haki, na kipo kisado kisicho na haki, na chake ni hicho cha pili.

Ila usifurahi upesi, kwa sababu kisado kizima nacho kinadanganya. Siku moja nilisimama Mwanga nikamtazama mama mmoja anavyopima. Simjui jirani yako, kwa hiyo usidhani ndiye. Kisado chake hakikuwa na kasoro yoyote. Aliwachota dagaa kwa viganja vilivyokunjuka, akawaachia kutoka juu kidogo, wakaangukiana wamekaa ovyo, vichwa huku mikia kule, na ndani ya kisado kukawa na hewa tele. Kikajaa kwa mikupuo mitatu. Juu akatengeneza kilima kizuri, akakilinda kwa mkono wa kushoto kama mtu anayekinga mshumaa, akamimina, kisha akachukua dagaa wa vidole vitatu akaongeza huku anatabasamu. Mteja akashukuru sana kwa ile nyongeza. Mizani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo ikagongwa muhuri. Mkono wa mpimaji haugongwi muhuri na mtu.

Pale pale nikaelewa Luka 6:38 kuliko nilivyowahi kuielewa kitabuni: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika". Hiyo ni lugha ya mtu aliyesimama sokoni akaona. Kusukasuka ni kutikisa kipimo ili hewa itoke na kitu kikae. (Kushindilia achana nako. Dagaa wakavu ukiwashindilia utauza unga.) Mstari huo tumeuzoea wakati wa sadaka, mhubiri akitaka bahasha zinenepe, na mimi nimeshausikia hivyo mpaka nimechoka. Usome pamoja na mstari wa 37 uliotangulia: Yesu alikuwa anazungumza habari ya kutohukumu, kutolaumu na kuachilia. Yaani mtendee mwenzako kama muuzaji anayetikisa kisado.

Hapo ndipo haki ya Biblia inapoachana na usafi wa mtu binafsi, na ningependa nikuonyeshe watu wawili. Wa kwanza ni Tamari wa Mwanzo 38. Hadithi yake hatuisomi kanisani watoto wakiwepo. Alikuwa mjane wa watoto wawili wa Yuda mmoja baada ya mwingine, na desturi ilimdai Yuda ampe mtoto wa tatu, Shela, ili mjane asibaki bila nyumba wala uzao. Yuda akamzungusha. Tamari akajifunika uso, akakaa njiani, Yuda akamdhania kahaba, na Tamari akapata mimba ya mkwe wake huyo huyo. Ilipojulikana ana mimba, Yuda aliagiza achomwe moto. Tamari akamletea muhuri wake, kamba yake na fimbo yake, vitu alivyoviacha kama amana. Yuda akavitambua, akasema: "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi." Hakusema ni msafi kuliko mimi. Alikuwa na maana kwamba mimi nilikuwa na wajibu kwake nikaukwepa, yeye ameushikilia wajibu wa nyumba hii hata kwa njia hiyo ya kutisha. Usiichukue kama ruhusa ya kitu chochote. Ichukue kama somo la neno.

Wa pili ni Yusufu wa Nazareti. Mathayo 1:19 inamwita mtu wa haki, na inatuambia papo hapo haki yake ilifanya nini: hakutaka kumwaibisha Mariamu, akaazimu kumwacha kwa siri. Malaika alikuwa hajamtokea bado. Kwa kadiri alivyojua, alikuwa ametendwa. Sheria ilikuwa upande wake, na mtaa mzima ungekuwa upande wake. Mtu wa haki kwa maana ya mtaani angekwenda kudai haki yake. Mathayo anatumia neno lilelile kwa mtu aliyetafuta njia ya kumfunika mwenzake.

Haya, tuje kwenye "bure", maana ndiko jirani yako alikokimbilia.

Mwanzo 15:6 inasema Abramu alimwamini Bwana, naye akamhesabia jambo hilo kuwa haki. Paulo akaushika mstari huo katika Warumi 4 akaukamua mpaka tone la mwisho. Neno la Kigiriki analolitumia kwa kuhesabia ni neno la mahesabu, la kuandika kitu kwenye upande wa mtu. Unalijua daftari la mkopo la dukani, lile la kona zilizojikunja, lenye jina lako na mistari. Paulo anasema mbele za Mungu ukurasa wako haukuwa na kitu cha kuandika upande wa malipo, wala wangu, na Mungu kwa ajili ya Kristo ameandika haki. Hukuilipia, huwezi kuilipia, na ukijaribu kuilipia kwa kisado kamili utakuwa unamtukana aliyekupa.

Martin Luther, baba wa Walutheri, alipokuwa mzee mwaka 1545, alisimulia jinsi alivyokuwa analichukia hasa neno hilo, haki ya Mungu, katika Warumi 1:17. Alilisoma kama haki ambayo Mungu anawaadhibia wakosaji. Siku alipoona kwamba ni haki ambayo Mungu anawapa wasio nayo, alisema alijisikia kama amezaliwa upya. Wakatoliki katika Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1547, wakasisitiza upande ambao waliona unasahaulika: neema haimwandikii mtu haki daftarini tu, inaingia ndani yake na kumgeuza kweli. Ugomvi huo uligawa Ulaya, na umegawa meza za chakula hapa Kigoma pia, baba Mkatoliki mama Mpentekoste. Si wengi wanaojua kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani waliweka sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikubaliana kwamba ni kwa neema tu, katika imani ya kazi ya Kristo na si kwa sifa yoyote iliyo ndani yetu, tunakubaliwa na Mungu na kupokea Roho Mtakatifu, ambaye anatufanya upya na kutuita tutende mema. Baraza la Wamethodisti Duniani nalo likajiunga mwaka 2006. Tofauti bado zipo, ila jambo la msingi walilisema kwa mdomo mmoja.

Angalia basi: hakuna upande, wa Luther wala wa Trento, ambako jirani yako anapata pa kukaa na kile kisado. Paulo mwenyewe alishaulizwa swali lake. Warumi 6 inaanza nalo: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Kusamehewa kwa bure ni kurudishwa kwenye uhusiano, na uhusiano una watu ndani yake. Aliyefutiwa deni na mwenye duka hawezi kutoka mlangoni akaenda kumpunja mtoto wa mwenye duka.

Zakayo ndiye ningependa mwimbaji huyo amkumbuke. Yesu hakumtumia ujumbe kwamba rudisha kwanza ulichonyang'anya ndipo nije kula kwako. Alikwenda na huo ulafi wa Zakayo ukiwa mzima, na mtaa ukanung'unika. Hiyo ndiyo bure. Kisha, pale nyumbani, bila kuambiwa na mtu, Zakayo akasimama akaanza kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Neema iliingia mlangoni, na kisado kikatoka uvunguni.

Kuhusu Yakobo, ambaye katika waraka wake anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake, sitakaa sana. Paulo anazungumza habari ya namna fito inavyoanza kunyooka. Yakobo anazungumza habari ya fito inayodai imenyooka na mlango haufungi.

Umeuliza kwa faida ya nani. Kabla sijakujibu nikuungamie jambo langu, usije ukadhani nakuandikia kutoka juu ya mlima.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane, unakumbuka hali ilivyokuwa. Mvuvi mmoja wa mtaani kwangu alikuja kukopa. Nilikuwa na akiba kidogo, nikampa, akaweka bondi taa zake nne za kuvulia na betri. Tena sikumngoja aniletee. Niliingia naye ndani, nikazitungua taa ukutani kwa mikono yangu. Ziwa likafunguliwa mwezi ukiwa karibu kujaa, na usiku wa mbalamwezi taa hazina kazi, kwa hiyo sikusumbuka. Lakini mwisho wa Agosti giza likaingia. Wenzake wakawa wanatoka jioni, na usiku ukisimama kilimani unaona ziwa limejaa taa kama mji. Yeye alikuwa amekaa barazani. Hakuwa na pesa ya kunilipa kwa sababu hakwenda ziwani, na hakwenda ziwani kwa sababu taa zilikuwa chumbani kwangu, nimezifunika na shuka.

Wiki ile ile nilikuwa nafundisha Kumbukumbu la Torati 24. Inasema ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani kwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Na kama ni maskini na rehani ni nguo yake, mrudishie jua linapokuchwa apate kulala nayo, "nayo itakuwa haki kwako mbele za Bwana". Nimeufundisha mstari huo kwa miaka mingi kama ushahidi wa kilugha: neno tsedaqa, ndugu wa tsedeq, hapa lina maana hii na hii. Safari hii nilisoma "usiingie nyumbani" mbele ya wanafunzi, sauti ikanikwama, nikajifanya nakohoa. Mkataba wangu ulikuwa halali. Hakuna baraza la kata lingenikuta na kosa. Taa zilikuwa haki yangu, na kwa kuzishika sikuwa mtu wa haki. Kiswahili kilekile, neno lilelile.

Nilizirudisha jioni ile. Deni alilipa kidogo kidogo, na sehemu nyingine alileta dagaa, na wala sikupima.

Sasa faida. Wako watakaokuambia ukipima vizuri Mungu atakupanulia meza, wakakusomea Mithali 11:1, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mstari huo unasema kinachomchukiza na kinachompendeza. Hautaji mauzo. Mimi sitakuahidi wateja. Mwandishi wa Zaburi ya 73 aliwatazama waovu wanavyonenepa akasema waziwazi, "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure", na Biblia haikumfuta maneno. Alichokipata mwishoni mwa zaburi hakikuwa duka. Alisema kumkaribia Mungu ndiko kwema kwake. Kwa hiyo jibu la uaminifu ni kwamba kipimo chako kamili ni kwa faida ya yule mama wa Mwanga au wa Tabora anayekwenda kuwapikia wanawe dagaa akitegemea watatosha. Hiyo ndiyo faida yake. Wewe umeshapewa bure, huhitaji kisado kikupe tena.

Hata hivyo kulala njaa si sehemu ya haki. Shilingi 500 zile jirani yako hazipunguzi kwenye bei, anazirudisha kwenye kitako. Waonyeshe wateja. Weka mizani mezani, hata ndogo iliyokaguliwa, uza kwa kilo anayetaka kilo. Mteja akiona kisado chako na cha jirani vyote vimemwagwa kwenye mizani hiyo moja, hatahitaji mahubiri. Nasema hivyo kama mtu wa Kigoma aliyenunua dagaa maisha yake yote, si kama mwalimu wa Agano Jipya.

Kuna jambo moja katika barua yako lilinitia wasiwasi, na nakusemesha kama mwanangu. Umelitaja kanisa lake, kwaya yake, hata mstari anaosimama. Luka 18 ina watu wawili waliopanda hekaluni kusali, na wa kwanza, Farisayo, akasema: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine". Hakuwa mwongo. Alifunga kweli, alitoa zaka kweli. Kisado chake kilikuwa kizima. Lakini alikuwa anasali huku jicho liko kwa mtoza ushuru, akampima mwenzake badala ya kujipima, na yule mwingine ndiye aliyeshuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki. Ukifika mahali ambapo kisado chake kibovu kinakufurahisha kidogo, kwa kuwa kinafanya chako kionekane, basi na wewe kitako kimeanza kubonyea.

Mwendee, ila si mezani mbele za wateja, na usipeleke habari kwa mwalimu wa kwaya kwanza. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Nenda nyumbani kwake jioni, mkae, mle kama mnakula. Usimpe mstari, anayo mistari mingi. Mwambie tu kwamba umechoka kushindana naye kwa namna hii na ungependa mnunue visado viwili vipya, mchangie.

Na kabla hujaenda, fanya jambo moja uani kwako. Umeniandikia kwamba kisado chako cha kuuzia ni kamili, nami nakuamini. Hukuniambia unanunulia kipi kule mwaloni. Vitoe vyote viwili, kijaze maji kile cha kununulia, uyamimine ndani ya kile cha kuuzia, utazame kama yatamwagika.